Kipimo Kilikuwa Chini

Chai yake haikuwa na sukari wala maziwa, lakini aliikoroga. Alishusha kijiko mpaka kikagonga kitako cha kikombe, akakipandisha taratibu kama mtu anayechota kitu kilichozama, kisha akarudia, na akarudia tena, mpaka tuliokaa naye mezani tukachoka kumtazama.

"Profesa, unakoroga nini na humo hamna kitu?" nilimuuliza siku ya kwanza tulipokaa naye chumba cha chai.

Hakuinua macho. "Minakoroga joto, patron."

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwazidi wote, maana mwenye mahali, huyo patron, nilikuwa mimi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo watayasema ndugu zake. Mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka aliyonifanyia kazi. Alikuwa Mkongo wa mashariki, mrefu, mwenye shingo nyembamba, na kila asubuhi alifunga tai ndani ya ovaroli. Tai ya kukunjia mashuka! Tulimwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mimi nilikuwa wa kejeli. Sifichi.

Na nijitambulishe, maana bila mimi nyie huyu mtu msingemsikia. Shule niliishia darasa la saba. Nilifika London na koti la kuazima, nikaanza kwa kusukuma mikokoteni ya mashuka machafu chini ya hoteli, mahali ambapo huoni jua wiki nzima. Leo mashuka ya hoteli yananifuata mimi. Kiwanda changu cha udobi kiko Edmonton, nyuma ya maghala, na jina langu limeandikwa ukutani kwa herufi zinazoonekana ukiwa kwenye treni. Hakuna mtu aliyenifundisha boila. Hakuna aliyenifundisha mashine ya kupigia pasi, ile ya magurudumu inayomeza shuka likiwa bichi na kulitoa kavu limenyooka. Nilitazama, nikashika, nikaungua, nikajua. Wenye vyeti wamekuja kuniomba kazi, nami nimewapa. Profesa alikuwa mmoja wao.

Cheti chake kilihusu bwawa. Nilipolisikia hilo neno nilidhani la kuogelea, nikamwambia Mama Neema, "Huyu mzee kasomea kuogelea mpaka akawa daktari!" Mama Neema alikuwa Mkongo mwenzake, anasimama kwenye mashine ya pasi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanikemea. "Bosi, acha Papa Profesa. Kule kwetu alikuwa anafundisha chuo kikuu. Banafunzi walikuwa banasimama akiingia."

Akatueleza mwenyewe. Kwenye kinu cha nyuklia, alisema, kuna bwawa kubwa la maji yaliyokaa kimya. Hayaendi popote. Yanangoja siku mbaya tu. Siku hiyo ikifika, kinu kikapandwa na joto, mvuke unapelekwa kwa mabomba mpaka chini ya maji yale. Ukikutana na maji baridi unakufa, unarudi kuwa maji. Usipokufa unajaa ndani ya jengo, unasukuma kuta, na kuta zikishindwa, basi. Yeye miaka yake yote ya masomo, kwao na Ulaya, aliitumia kutazama mvuke unavyokufa ndani ya maji. Ndiyo hiyo tu. Anapuliza mvuke, anatazama, anaandika.

"Na uligundua nini?" nikamuuliza, kwa ile sauti ya mtu anayesubiri kucheka.

"Niligundua mayi iko na uongo."

Akachukua bilauri ndefu, akaijaza maji baridi ya bomba. Juu yake akamimina chai ya rangi iliyotoka jikoni, polepole sana, juu ya mgongo wa kijiko. Ile chai haikushuka. Ilikaa juu kama kofia, nyeusi, na chini maji yamebaki meupe.

"Mama Neema, gusa chini."

"Baridi."

"Gusa juu."

"Mama yangu!" Akavuta kidole, akakitia mdomoni.

"Voilà," akasema Profesa. "Ni bilauri moja, lakini mayi ya juu na mayi ya chini haijuane. Kama kipimajoto chako iko chini, itakuambia salama, salama, salama, mpaka siku unakufa. Mayi ya juu ndiyo inakaa karibu na mutu."

Nilimwambia hiyo hata mama yangu aliijua bila kwenda Ulaya. Na kweli aliijua. Nikiwa mdogo nilimwandalia mdogo wangu maji ya kuoga, nikamimina ya moto juu ya ndoo ya baridi, nikamwita aje bila kuyakoroga. Mama alipitisha mkono wake juu ya ndoo, akanipiga kofi ambalo nikilikumbuka sikio linalia mpaka leo. Kwetu mtu hamwogeshi mtoto kabla hajazamisha mkono mpaka kitako cha ndoo na kuupandisha. Ni jambo la kila nyumba. Kwa hiyo msiseme sikujua kwa sababu sikusoma. Nilijua kabla ya kujua kusoma.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno kunizidi, na kunizidi mimi si kazi ndogo. Alichelewa kazini karibu kila siku, kisha akaniambia saa ya ukutani inakwenda mbele, akatoa yake ya mfukoni kunithibitishia. Kanisani kwao Wakongo alisimama katikati ya mahubiri ya gharika kumweleza mchungaji kwamba mvua ya kiasi kile ingepandisha joto la hewa, na Nuhu angeiva ndani ya safina. Mke wa mchungaji hakumsalimia tena. Chakula cha wenzake alikila bila kuomba, na akikimaliza alisema chumvi ilikosa. Mtu aliyeweza kukueleza namna ya kuzima kinu cha nyuklia aliogopa lifti. Alipanda ngazi mpaka orofa ya sita ya jengo alimokuwa amepanga chumba, na humo chumbani hita yake ilikuwa mbovu mwaka hadi mwaka. "Kwa nini hutengenezi?" nikamuuliza. "Si yangu," akajibu.

Kitabu chake cha shahada, kinene, cha Kifaransa, alikihifadhi ndani ya foronya yangu. Nilikiona siku moja nilipompelekea dawa ya kifua. Foronya ya hoteli, ina nembo! Nikamwambia hiyo ni mali ya mteja. Akakitoa kitabu, akaikunja foronya mara nne, kona kwa kona, akanipa. Kitabu akakiweka juu ya meza bila kitu. Nikajisikia vibaya, nikairudisha ile foronya mezani, akakataa kuishika. Basi ilikaa pale, na sijui iliishia wapi.

Alikunja vizuri, hilo nampa. Mara nne, kona kwa kona, hata kitambaa cha kufutia sakafu.

Na alikuwa na masikio. Hiki ndicho kilichonifanya nimtoe kwenye meza ya kukunjia na kumweka karibu na boila. Mtu wa vyeti nilimtegemea aniletee makaratasi, yeye akaniletea masikio. Anasimama katikati ya ua, kichwa kaegemeza upande, anasema, "Valvu ya tatu inapumua." Unakwenda, unakuta kweli inavuja kidogo, mvuke mwembamba kama uzi. Fundi wangu wa kulipwa kwa saa alikuwa anapita hapo hapo haoni kitu.

Sasa niwaeleze hilo tangi, maana habari yote imo humo.

Boila ikifanya kazi, kuna mvuke uliotumika na maji ya moto yanayobaki, na huwezi kuyamwaga kwenye mfereji wa mji yakiwa vile, sheria inakataa. Lazima yapoe. Nikajenga tangi nyuma ya ua, kubwa, la chuma, na mfuniko wa bawaba. Nikalijaza maji baridi, nikaingiza bomba la mvuke kutoka juu likashuka mpaka karibu na kitako. Mvuke unaingia, unapoa, maji yanatokea chini kwenda mferejini. Kipimajoto nikakifunga hapo chini, kwenye njia ya kutokea, kwa sababu mkaguzi wa mfereji anataka kujua maji yanatoka na joto gani. Nililibuni mimi, nililichora mimi juu ya kiroba cha sabuni. Watu walikuja kulitazama.

Lilikuwa na ubaya mmoja tu, lilikuwa linagonga. Mvuke ukiwa mwingi bomba linanguruma, hilo halina neno. Mvuke ukipungua ndipo linaanza: linameza maji, linatema, linameza, linatema, du! du! du! kama mtu anapiga mlango wa chuma kwa ngumi. Majirani wakalalamika. Nikapata barua ya kaunsila, halmashauri ya mtaa. Mimi nikafikiri siku moja tu, nikachukua msumeno wa chuma, nikalikata bomba. Badala ya kushuka mpaka chini likawa linaishia kiganja kimoja tu chini ya uso wa maji. Kelele ikafa. Kimya kabisa. Nikawaita wafanyakazi wote uani wasikie kimya.

"Mnasikia?" nikawauliza.

"Hatusikii kitu, bosi!"

"Ndiyo hivyo! Bila injinia!"

Wakapiga makofi. Profesa hakupiga. Alilizunguka tangi, akaweka kiganja chake kwenye ubavu wa chuma, chini, katikati, juu. Akanijia mbele ya watu.

"Patron, rudisha bomba."

"Kwa nini?"

"Ile makelele ilikuwa inakusaidia. Ilikuwa inachanganya. Sasa joto yote inabakia juu ya mudomo wa bomba, na kipimo iko chini. Umejenga ile bilauri ya Mama Neema."

"Kipimo kinasema nini sasa hivi?" nikamuuliza.

"Inasema baridi."

"Basi ni baridi."

"Weka ingine juu. Kipimo moja tu. Kama hautaki kurudisha bomba, weka kipimo juu, patron. Minakuomba."

Ningeweza kusema ndiyo. Kipimajoto kilikuwepo stoo, kipya, ndani ya boksi. Lakini watu walikuwa wametoka kunipigia makofi dakika hiyo hiyo, na yeye alikuwa na tai yake. Nikamwambia, nanukuu maneno yangu mwenyewe maana siyasahau, "Profesa, wewe na vyeti vyako unakunja mashuka ya mtu aliyeishia darasa la saba. Ukijenga tangi lako, utaweka vipimo hata kwenye paa."

Walicheka. Mama Neema hakucheka. Profesa alirekebisha tai yake, akarudi kazini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonikera kuliko tangi. Katika miaka yote ile mtu huyu aliniomba kitu kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe. Barua. Upande wa kusini wa mji kulikuwa na chuo kilichojenga mnara wa vioo uliojaa maji, wanapuliza mvuke ndani na kutazama, kitu kile kile alichokifanya ujanani. Walitaka mtu wa kuangalia mabomba na vipimo. Si uprofesa, kazi ya mikono tu, lakini kwa maji yale. Alikwenda akazungumza nao, akarudi uso umebadilika, kijana kabisa. Walimpenda. Walitaka tu barua ya mwajiri wake wa hapa nchini, kwamba anaaminika na kwamba anajali usalama.

"Wiki hii nitakupa," nikamwambia.

Mimi Kiingereza cha kuongea ninacho, cha kuandika kinanipiga chenga. Nilimwambia binti yangu aandike, naye aliandika akiwa anakula, wala hakuweka uma chini. "Dad, just sign it," akaniambia, yaani nitie saini tu. Nikaiweka kwenye kisanduku cha vani. Ikakaa. Kila Ijumaa Profesa ananijia, "Patron, barua?" nami namwambia bado kidogo. Nilijiambia sina muda. Uongo. Nilikuwa sitaki masikio yake yaondoke kwenye boila yangu. Na chini ya hapo kulikuwa na kingine: sikutaka awe profesa kweli.

Ikafika wiki moja yenye mapumziko marefu ya sikukuu. Tulifunga kiwanda, tukaacha boila kwenye moto mdogo ili tusianze na baridi. Valvu moja ikawa inavuja, uzi mwembamba, siku tatu mfululizo, unaingia kwenye tangi kimya kimya kupitia lile bomba nililolikata. Profesa hakuwepo wa kuusikia.

Asubuhi ya kufungua, kazi ya kwanza ya tangi ilikuwa kutoa nyuzi. Taulo zinatoa nyuzi, nyuzi zinafuata maji, zinaelea juu kama utando wa maziwa. Kila wiki mtu alifungua mfuniko, akakunja mkono wa nguo na kuzikusanya kwa kiganja, kwa sababu maji yale hayakuwa ya moto, na kwa sababu kipimo kilisema hivyo. Utaratibu huo niliuweka mimi. Anayetoa nyuzi anauliza, anayepita anasoma kipimo na kujibu.

Siku hiyo mtoaji nyuzi alikuwa Mama Neema. Aliyepita nilikuwa mimi.

"Bosi, inasema ngapi?"

Nikainama, nikasoma. "Baridi kama ya bomba. Ingiza mkono!"

Akafungua mfuniko. Kulikuwa na baridi nje, mvuke kidogo ulipanda, lakini London asubuhi ya baridi hata mdomo wako unatoa mvuke. Ule utando wa nyuzi ulikuwa mnene, umefunika kila kitu. Akainama. Nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu, mtu ambaye kwa kawaida hakuwahi kuwahi kazini, nadhani valvu ameisikia tangu getini, na sauti inasema, "Hapana! Neema! Hapana!"

Alimpiga Mama Neema mkono ukaruka pembeni. Wa Profesa ukaingia. Ukaingia mpaka juu ya kiwiko, kwa uzito wa mtu aliyekuwa anakimbia.

Sitaeleza ile sauti. Nilimvuta mimi, tukambeba mpaka kwenye bomba la maji baridi mimi na Mama Neema, na ngozi yake ilibaki kwenye ovaroli yangu. Nilitazama kipimo. Bado kilisema baridi. Naapa, kilikuwa kinasema kweli. Maji ya kitako yalikuwa baridi.

Mkaguzi wa usalama kazini alikuja kesho yake, mtu mpole, ana ubao wa kubania karatasi. Akauliza nani msimamizi wa tangi hili.

Hapo niliogopa kiwanda. Miaka yote ya mikokoteni ilinipita machoni. Nikasema, "Tuna mtaalamu. Amesomea mambo haya mpaka shahada ya juu. Tangi ni kazi yake." Kila neno lilikuwa kweli, ukilipima peke yake. Nilikuwa nimejifunza kwa lile tangi namna ya kuchagua mahali pa kupimia.

Mkaguzi akaandika. Nikasaini. Wiki zile zile chuo kilipiga simu kuulizia mtu wao, na karatasi ya ajali ikawajibu. Profesa alitoka hospitali akiwa mtu aliyezembea usalama kazini. Hakurudi kwangu. Alimtuma Mama Neema, naye alikuja kuchukua vitu vyake kabla na yeye hajaacha kazi. Alisimama mbele yangu na mfuko mkononi, akasema kwa sauti ndogo, yeye wa sauti kubwa: "Papa Profesa anasema hataki pole. Anasema patron aandike kipimo kilikuwa wapi. Ni hiyo tu."

Sikuandika. Kipimo cha pili nilikifunga, ndiyo. Na cha tatu, katikati. Bomba nililirudisha chini, nikalitoboa matundu pembeni ili lisigonge sana. Wateja wakija kutembelea kiwanda nawaonyesha vipimo vitatu, nawaambia nimebuni mwenyewe. Nimesema hivyo mara nyingi mno.

Nilimwona tena mwaka huu. Nina mteja Stanmore, nyumba ya kutunzia wazee, mahali pazuri, maua mbele, wazee wengi wao ni Wahindi wa Afrika Mashariki. Dereva wangu aliumwa, nikapeleka taulo mwenyewe. Mimi sioni aibu ya kubeba. Nikapita kwenye korido nikasikia Kiswahili.

"Bado tu? Wewe napima maji kama dawa ya sindano!" Sauti ya mzee, Kiswahili cha duka la zamani.

"Ngoja, muzee. Mayi hairuki, iko hapa hapa."

Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu. Mzee wa Kihindi amekaa kwenye kiti, kajifunika gauni la taulo, miguu myembamba inaning'inia. Na Profesa amepiga goti kando ya beseni kubwa la kuogea, amevaa sare ya wahudumu, tai haipo. Mkono wa kulia ulikuwa umekakamaa, ngozi inang'aa kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Alikoroga kwa wa kushoto, kutoka kitako kwenda juu, taratibu. Kisha akachukua kipimajoto, akapima juu, akapima katikati, akapima chini, akaandika kwenye fomu iliyotundikwa ukutani. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kwa kila kuoga. Yeye alibananisha humo namba tatu.

Mzee aliniona. "Karibu, karibu! We natoka wapi?"

"Morogoro, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mi natoka Mwanza. Duka letu lilikuwa karibu na stendi. Tazama fundi wangu huyu. Wale wengine natupa mimi ndani kama kuku. Huyu hapana. Huyu napima."

Profesa aliniangalia. Hakushtuka. "Patron," akasema, kama vile tumeachana jana.

Barua ilikuwa kwenye vani bado. Nilikimbia kuichukua, mtu mzima na tumbo langu, nikarudi nahema. Nikampa. Akajifuta mkono, akaisoma amesimama. Imeandikwa vizuri ile barua: mwaminifu, mchapakazi, mwerevu, nilibahatika kuwa naye.

"Kipimo iko wapi hapa ndani?" akauliza.

"Profesa, hizo ni sifa zako zote. Ukipeleka popote..."

"Sipeleke popote. Mule chuoni walishachukua mutu ingine, na mimi nilishazeeka. Sikuulize sifa. Nilikuuliza kitu moja."

"Sasa itakusaidia nini leo?"

"Kitu ilifanyika, ikaandikwa vibaya. Minataka iandikwe vizuri." Akanirudishia karatasi. "Muzee anasikia baridi. Acha nifanye kazi."

Nilibaki pale mlangoni. Nilikuwa na kalamu ya kusainia mizigo. Niliigeuza ile barua, nikaiweka juu ya rundo la taulo zangu mwenyewe, nikaandika nyuma yake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, maana kwa Kiingereza ningemwita tena binti yangu. Niliandika: *Kipimo kilikuwa chini. Nilikiweka mimi. Bomba nililikata mimi. Profesa aliniambia mbele ya watu, nikamcheka. Maji ya juu yalikuwa yanachemka, na mimi nikasema ingiza mkono.* Nikaweka jina langu lote, na jina la kiwanda.

Nikampa. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yalivyokuwa. Midomo yake ilikuwa inatembea. Kisha akanyoosha kiganja cha kushoto.

"Kalamu."

Nikampa kalamu. Akakata neno moja, polepole, kwa mkono usio wake wa kuandikia.

"Haikuwa inachemka," akasema. "Kama ingechemka, mungesikia. Ilikuwa moto na kimya."

Akaandika hivyo juu ya neno alilolikata. Akaipulizia wino ukauke, akaikunja karatasi mara nne, kona kwa kona, akaitia mfuko wa sare. Akamgeukia mzee, akampa bega lake ashike.

"Sasa ingia, muzee," akasema, na kwa mguu akausukuma mlango, ukanifungia nje na taulo zangu.